Ruta Itii Daftari

Masika iliyopita radi ilipiga karibu na nyumba moja ya wageni iliyopo Moshi, upande wa Rau, na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti, iliyokuwa ukutani nyuma ya meza ya mapokezi ikaungua. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa Arusha, nikapita dukani mjini kununua ruta ya aina ileile, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshafika. Mama mwenye nyumba aliitikia shikamoo yangu, akaitazama ruta mpya, akaitazama iliyoungua, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii si ndiyo ileile? Mbona haifanyi kazi?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na tangu siku ile nimekuwa nikilirudia kwa vijana ninaofanya nao kazi wanapotaka kujua kwa nini tunatumia muda mwingi hivi kwenye maandishi. Kifaa kilikuwa ni kilekile, ila ndani yake hamkuwa na kitu. Iliyoteketea pamoja na ruta ya zamani ni mistari kama mia tatu ya mipangilio, ambayo sisi mafundi tumezoea kuiita konfigi: jina na nywila ya kuunganishia kwa mtoa huduma wa intaneti, mgawanyo wa mitandao ya ndani ili simu za wageni zisizifikie kompyuta za ofisi, anwani ya kudumu ya printa ya jikoni, kiwango cha kasi kwa kila chumba, na njia ambayo kamera zinapitishia picha kwenda kwenye mashine ya kurekodia. Fundi aliyeyapanga hayo yote alikuwa amehamia Mwanza. Alipokea simu na kunisaidia kwa moyo mweupe, lakini alikumbuka nusu tu. Nusu iliyobaki niliitafuta kwa siku mbili, nikifuata kebo moja baada ya nyingine juu ya dari, huku wahudumu wakiandika oda za chakula kwenye karatasi na kuzipeleka jikoni kwa miguu kwa sababu kompyuta ya mapokezi haikujua tena printa ilipo.

Kununua ruta kulichukua dakika arobaini. Kurudisha yaliyokuwa ndani yake kulichukua siku mbili, na kwa siku hizo mbili wageni walilalamika, mwenye nyumba akaingia hasara, na sifa ya fundi aliyetangulia ikachafuka ilhali kazi yake ilikuwa nzuri kwa kila kipimo isipokuwa kimoja.

Kutokana na kazi ile na nyingine za namna hiyo, nimefikia msimamo ambao ninauandika hapa kwa ajili ya mafundi wenzangu wa kanda hii, wanaohudumia hoteli, shule, mashamba ya maua, zahanati na ofisi za utalii: mipangilio iliyoandikwa na kuhifadhiwa nje ya kifaa ndiyo ya asili, na iliyomo ndani ya kifaa ni nakala yake. Wengi wetu tumezoea kinyume chake. Kifaa ndicho kinachojua, na daftari, kama lipo, linakifuata kwa nyuma likichechemea. Ukishakubali kuwa daftari ndilo lenye kauli ya mwisho, maswali mengi yanapata majibu. Ruta ikitofautiana na daftari, ruta ndiyo iliyopotoka, na kazi ya fundi ni kujua nani ameibadilisha, lini na kwa sababu gani, kisha ama airudishe ruta kwenye mstari au alisahihishe daftari kwa kukusudia. Ninaposema daftari simaanishi lazima liwe la karatasi. Kwangu ni mafaili ya maandishi ya kawaida yaliyomo kwenye seva ndogo, ingawa nimewahi kuona daftari halisi la kurasa mia moja, lililoandikwa kwa peni ya bluu, likifanya kazi hii vizuri kuliko programu za gharama.

Kuna jambo dogo linalowaumiza wengi, nalo ni tofauti kati ya mipangilio inayofanya kazi sasa na ile iliyohifadhiwa. Kwenye ruta nyingi za kampuni ya Cisco, na swichi zake, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa kebo, unapoandika amri, badiliko linaanza kazi mara moja lakini linakaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Mpaka utoe amri ya kuinakili mipangilio hiyo kwenye kumbukumbu ya kudumu, kifaa kikizimika kitaamka na mambo ya zamani. Niliitwa kwenye shule moja ya hapa Arusha ambako chumba cha kompyuta kilikuwa kimepoteza mtandao baada ya umeme kukatika usiku. Swichi haikuwa mbovu. Mtu alikuwa amehamisha milango kumi na miwili ya swichi, yaani matundu ya kebo, kwenda mtandao mwingine mwezi Januari, akapima, akaona inafanya kazi, akaondoka bila kuhifadhi. UPS, betri ya akiba ya umeme, iliibeba swichi ile katika kila katizo la umeme hadi Agosti, betri ilipochoka. Kwa miezi saba badiliko lile liliishi kwa hisani ya betri, na lilipotoweka hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuwa liliwahi kufanywa. Vifaa vya kampuni ya MikroTik, ambavyo ndivyo vingi zaidi katika kazi zangu, vina tabia tofauti: kila badiliko linahifadhiwa papo hapo, na kosa nalo linahifadhiwa papo hapo. Fundi anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine anapaswa kulijua hili kabla ya kugusa kitu.

Sasa nije kwenye nakala zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani wamemaliza kumbe hawajaanza.

MikroTik inatoa njia mbili za kuchukua nakala. Moja inatengeneza faili lisilosomeka kwa macho, lililokusudiwa kurudishwa kwenye kifaa kilekile. Nyingine, inayoitwa export, inatoa maandishi: amri zote, mstari kwa mstari, ambazo mtu anaweza kuzisoma, kuzihariri na kuziingiza kwenye ruta nyingine. Mafundi wengi huchukua la kwanza kwa sababu ni rahisi, wakaliacha ndani ya ruta ileile. Radi ikipiga, ruta na nakala yake vinakwenda pamoja. Hata likiwa limetolewa nje, faili hilo linabeba hadi anwani za maunzi za milango ya kifaa cha zamani, na ukilirudisha kwenye kifaa cha aina nyingine unaweza kujikuta na matatizo mapya juu ya yale uliyokuja nayo. Mimi huchukua yote mawili, lakini ninalolitegemea ni la maandishi.

Nalo pia lina mapengo yake, na inafaa yajulikane kabla ya siku ya shida. Kuanzia toleo la 7 la RouterOS, programu inayoendesha ruta za MikroTik, export inaficha nywila na siri nyinginezo isipokuwa umeiamuru izionyeshe kwa neno show-sensitive. Zaidi ya hapo, kwa vyovyote vile haitoi nywila za watumiaji wa ruta yenyewe, wala vyeti vya usalama, wala funguo za SSH, zinazotumika kuingia kwenye kifaa kwa mbali kwa usalama. Fundi anayehifadhi export pekee, bila kujua hayo, ana nakala ya nyumba isiyo na milango. Kwa hiyo pamoja na kila faili la maandishi huwa naandika karatasi ya pili inayoeleza vitu gani havimo na vinapatikana wapi.

Kuna kipimo kimoja tu cha nakala ninachokiamini, nacho ni kuirudisha. Katika chumba chetu cha kazi pale Sakina tunayo ruta moja ya akiba ambayo haiuzwi wala haiazimwi. Kila mwezi tunachagua mteja mmoja bila mpangilio, tunaifuta ruta ile mpaka iwe kama imetoka kiwandani, na tunajaribu kuifufua kwa faili la mteja huyo. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tuligundua kuwa faili lilikataa kuingia katikati, kwa sababu ruta ya mteja ilikuwa na toleo la zamani la programu yake na baadhi ya amri zilikuwa zimebadilika. Tuligundua mezani, mchana, tukiwa na chai. Tangu hapo kila faili linataja juu kabisa aina ya kifaa na toleo la programu lililokuwemo siku nakala ilipochukuliwa. Export yenyewe huandika mambo hayo katika mistari yake ya kwanza, pamoja na tarehe, hivyo ni suala la kutoyafuta na kuyasoma.

Kuchukua nakala kwa mkono kunawezekana ukiwa na vifaa vitano. Ukifikisha thelathini utasahau, na utasahau kile kilichobadilika juzi. Zipo programu huria zinazofanya kazi hii bila kuchoka. RANCID ni ya zamani zaidi, na mafundi wa watoa huduma wameitumia kwa miaka mingi. Oxidized ni ya baadaye, nayo inaingia kwenye kila kifaa kwa muda uliopangwa, ambao usipoubadilisha ni kila saa moja, inasoma mipangilio, na ikiona tofauti inaihifadhi kwenye Git. Git ni programu iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux, lakini kwa mtu wa mitandao thamani yake iko wazi: inakumbuka kila hali ambayo faili limewahi kuwa nayo, na inaweza kukuonyesha mstari uliotoka na mstari ulioingia kati ya jana na leo.

Hiyo tofauti kati ya jana na leo naisoma kila asubuhi kabla ya kufungua ujumbe wowote. Mara nyingi haina kitu. Siku moja mwezi Juni nilikuta mstari mmoja umeongezeka kwenye ruta ya ofisi moja ya watalii iliyopo Njiro: sheria inayoruhusu yeyote aliye nje kuingia kwenye mlango wa usimamizi, yaani njia ambayo fundi hupitia kuipanga ruta. Niliwauliza vijana wote, hakuna aliyeigusa. Nilipompigia mteja akasema ndugu yake mmoja, anayejua mambo ya kompyuta, alitaka kuangalia kamera akiwa nyumbani. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Tulimwekea njia salama ya kuangalia kamera zake, tukauondoa mstari ule, na jambo lote likaisha kabla ya saa nne asubuhi. Bila kusoma tofauti ile, mstari huo ungekaa pale hadi mgeni asiyealikwa aukute.

Na wageni wasioalikwa wapo. Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro katika mlango wa usimamizi wa ruta za MikroTik, Winbox, iliyomwezesha mtu wa mbali kusoma faili la watumiaji na kupata nywila. Marekebisho yalitolewa mwezi Aprili mwaka huohuo, lakini miezi iliyofuata zaidi ya ruta laki moja duniani zilikutwa zimevamiwa na kupandikizwa programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa gharama ya kompyuta za watu, kwa sababu wenye ruta hawakuzisasisha na walikuwa wameuacha mlango ule wazi kwa dunia nzima. Kusasisha programu ya ruta ni sehemu ya kutunza mipangilio, na kuufunga mlango wa usimamizi kwa yeyote asiye kwenye mtandao wa mafundi ni mstari wa kwanza ninaouandika kwenye ruta yoyote mpya.

Kuhusu nywila nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa nimechoka kuziona kwenye makundi ya WhatsApp. Faili la mipangilio ni faili la siri. Lina nywila, lina ramani ya mtandao mzima, na kwa watoa huduma wadogo wa vitongojini lina hata majina na namba za simu za wateja, kwa vile mafundi wengi huzitumia kama majina ya akaunti za kuunganishia. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika hapa Tanzania, na taarifa hizo za wateja zinaangukia humo. Mtu anayetuma faili zima kwenye kundi lenye watu mia mbili ili asaidiwe tatizo la mstari mmoja anawaanika watu ambao hawajui hata kama wameanikwa. Chukua mistari inayohusika, ondoa siri, ndipo uulize. Wala usidanganyike na nywila inayoonekana kama imefumbwa: ile inayoitwa aina ya 7 kwenye vifaa vya Cisco inafumbuliwa kwa sekunde chache na programu yoyote ya bure, na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, katika mwongozo wake wa Februari 2022 lilishauri isitumike na badala yake itumike aina ya 8.

Kila fundi awe na akaunti yake. Akaunti moja ya admin inayotumiwa na watu sita haimwambii mtu yeyote nani alifanya nini, na siku mmoja wao akiondoka kazini utalazimika kubadilisha nywila kwenye kila kifaa, au utaiacha, na najua wengi huiacha. Vifaa vikiwa vingi, seva ya kuthibitisha watumiaji, kama RADIUS au TACACS+, inaiweka orodha ya watu mahali pamoja. Saa ya vifaa nayo iwe sahihi, kwa NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, kwa sababu ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa na zikizimika huamka zikidhani ni Januari 1970, na kumbukumbu za matukio zenye tarehe hiyo hazimsaidii mtu.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya kufanya mabadiliko kwa mbali, kwa sababu humo ndimo nilimojifunza kwa machungu. Miaka michache nyuma nilikuwa nikipanga upya sheria za kuzuia na kuruhusu kwenye ruta ya kambi ya mafunzo iliyopo Kibosho, juu ya Moshi, nikiwa nyumbani Arusha saa tatu usiku. Nilikusudia kuziongeza sheria mbili, ya kuruhusu kisha ya kuzuia. Nikaanza na ya kuzuia. Mara baada ya kubonyeza, dirisha likaganda, na nikajua nimejifungia nje, na kwamba wote waliokuwa kule wamekatika pamoja nami. Kesho yake walikuwa na mtihani kwa njia ya mtandao saa mbili asubuhi. Nilisafiri usiku ule, kilomita kama themanini hadi Moshi na kisha kupanda mlima kwenye tope, nikafika saa sita usiku, mlinzi akaniamkia kwa tochi usoni, na kazi yenyewe ilichukua dakika tatu kwa kebo ya mkononi.

Safari ile haikuwa ya lazima, kwani kinga ilikuwemo ndani ya ruta ileile. MikroTik ina hali ya usalama, Safe Mode, unayoiingia kabla ya kuanza. Muunganiko ukikatika ukiwa katika hali hiyo, ruta inasubiri hadi ione kuwa umepotea kweli, jambo linaloweza kuchukua dakika tisa hivi, kisha inayafuta yote uliyoyafanya tangu ulipoingia. Inafaa kukumbuka kuwa inakumbuka hatua mia moja tu za mwisho, na ukizidisha inatoka yenyewe katika hali hiyo bila kufuta kitu, kwa hiyo fanya mambo kidogokidogo, uthibitishe, uingie tena. Juniper, watengenezaji wengine wa vifaa vya mtandao, wana kitu bora zaidi, commit confirmed: badiliko linawekwa kwa majaribio, na usipolithibitisha ndani ya dakika kumi kifaa kinarudi kilipokuwa, tena kinatunza hadi hali hamsini, ikiwemo ya sasa. Kwenye Cisco ya kawaida, unaweza kukiamuru kifaa kijiwashe upya baada ya dakika kumi kabla hujagusa lolote, bila kuhifadhi, na mambo yakienda sawa unaifuta amri hiyo na ndipo unahifadhi. Ile tabia ya kusahau mabadiliko yasiyohifadhiwa, iliyoiumiza shule niliyoitaja, hapa inakuwa mkombozi.

Wakubwa nao wamepatwa na haya. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa sita. Jirani yangu alinunua kifurushi kipya akidhani cha kwanza kimekwisha. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kuwa amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, kwa ajili ya kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao, iliangusha miunganiko yote ya uti huo, na kwamba programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia amri ile ilikuwa na kasoro. Njia ambazo mafundi wao wangetumia kuingia kwa mbali nazo zilipotea, ikabidi watu waende kwenye majengo yenyewe. Kule Kanada, tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers iliondoa kichujio kimoja, kilichozuia taarifa za njia zisifurike, kwenye vifaa vyake, vifaa vya kati vikazidiwa, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Huko nako mtandao wa usimamizi ulitegemea mtandao uleule uliokuwa umeanguka.

Funzo la wakubwa hao linatekelezeka hata kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi. Weka njia ya pili ya kuifikia ruta isiyopita kwenye mtandao unaoubadilisha. Kwa wateja wangu wa mbali nimeweka modemu ndogo yenye laini ya simu, ya mtandao tofauti na wa mtoa huduma wao mkuu, na matumizi yake kwa mwezi hayafiki hata nauli ya kwenda na kurudi Moshi. Kabla ya badiliko lolote tunaandika kitakachobadilika, tutakavyojua kuwa kimekubali, na tutakavyorudi nyuma kikikataa. Karatasi hiyo mara nyingi ina mistari mitano, na fundi mwingine lazima aisome kwa sauti. Sheria yangu ya Kibosho ingesomwa kwa sauti, mpangilio wake uliopinduka ungesikika. Hatufanyi mabadiliko Ijumaa jioni, na kwa hoteli na kampuni za utalii hatugusi kitu kisicho cha dharura kati ya Julai na Septemba, vyumba vinapojaa.

Andika sababu. Mstari wa mipangilio unasema nini kinafanyika, lakini hausemi kwa nini, na fundi atakayekuja baada yako ataogopa kuufuta au ataufuta bila kuogopa, na yote mawili yana madhara. Vifaa karibu vyote vinaruhusu maelezo mafupi pembeni ya kila sheria na kila mlango. Badala ya "usifute", andika "printa ya jikoni, anwani isibadilike, mfumo wa oda unaitafuta hapa". Majina nayo yaseme kifaa kilipo: ARU-NJI-SW02 inaniambia ni swichi ya pili ya Njiro, Arusha, wakati jina la simba au la mlima, ambalo wengi hulipenda, halimsaidii mgeni.

Kuhusu programu za kupeleka mipangilio kwenye vifaa vingi kwa pamoja, kama Ansible, nina heshima nazo na ninazitumia kwa wateja wawili wenye vifaa vingi vinavyofanana. Ila sishauri mtu aanzie huko. Aliye na vifaa kumi na viwili vilivyopangwa kwa namna kumi na mbili atasambaza vurugu kwa kasi kubwa zaidi. Aanze na orodha ya vifaa vyake kwenye jedwali la kawaida, kisha aandike kiolezo kimoja cha ruta ya ofisi ndogo na kuvileta vyote karibu na kiolezo hicho, kimoja baada ya kingine. Akifika hapo programu itamfaa sana.

Limebaki la nani mwenye mipangilio. Wapo mafundi wanaomnyima mteja nywila na mafaili ili asiweze kuwaacha. Ninalichukia jambo hili, na sioni haja ya kulipamba. Mteja amelipia ruta, amelipia kazi, na kilichomo ndani ni chake. Kila ninayemhudumia anapata bahasha iliyofungwa yenye flashi na karatasi iliyochapwa: nakala ya maandishi, orodha ya visivyomo, nywila, jina na namba ya akaunti ya mtoa huduma, na tarehe nakala ilipojaribiwa mara ya mwisho. Nikipatwa na ajali barabarani kesho, fundi yeyote mwaminifu ataendelea kutoka hapo.

Mwezi Novemba tulirudi Rau kwa zoezi. Nilimchukua kijana ambaye hakuwahi kufika kwenye nyumba ile, mama akatoa bahasha kwenye droo na kuifungua mwenyewe, nami nikaketi kwenye kiti cha wageni bila kusema neno. Tuliichomoa ruta, tukaweka ya akiba ikiwa tupu. Kijana alikwama mara moja, kwenye cheti cha usalama cha ukurasa wa kuingilia Wi-Fi ya wageni, ambacho orodha yetu ilikitaja lakini haikusema kiko wapi kwenye flashi. Alikitafuta, akakipata, akaandika mahali pake kwenye karatasi kwa peni. Dakika ishirini na sita baada ya kuanza, mama alimwomba mhudumu atume oda ya chai ya tangawizi, na sote tukasikia printa ya jikoni ikichapa. Bahasha ilifungwa upya, na juu yake imeandikwa tarehe ya zoezi lijalo, wiki ya kwanza ya Machi, kabla ya mvua.